Kigari kinavutia mbele, barabara imejaa theluji: fundi anajibu

Salamu wasomaji wangu wa Arusha, Moshi na mlioko mbali. Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya theluji, na sio ile tunayoiona Kibo asubuhi mawingu yakifunguka, ni theluji ya barabarani huko waliko watoto wetu na wadogo zetu. Mi kabla ya kufungua gereji nilikaa Minnesota, Marekani, winta 9, nikisambaza vifurushi na Corolla kuukuu inayovutia mbele, kwahiyo hili nalijibu kwa yale niliyopitia mwenyewe. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwasababu mama aliyeandika anakosa usingizi.

Fundi, salaam. Binti yangu anasoma unesi Oulu, Finland, huu mwaka wa pili. Amejibana kanunua Toyota Yaris ndogo ya mkononi, ya manyuo (gia za kubadili mwenyewe), imsaidie kwenda zamu za alfajiri. Shemeji yangu ni dereva wa watalii, ananiambia kigari cha kuvutia mbele kwenye theluji ni jeneza, eti auze akope anunue fowili, gari la kuvutia tairi zote 4. Tangu aniambie hivyo silali. Nimwambie nini mtoto? Mama, Kiboriloni, Moshi.

Shikamoo mama, na pole sana. Mwambie asiuze.

Shemeji yako simlaumu, yeye kazi yake ni Land Cruiser kwenye matope ya mbugani na huko fowili ndo mkombozi. Ila tope shida yake kubwa ni kukwama, theluji na barafu shida yake kubwa ni kusimama na kukata kona. Na kwenye kusimama fowili haikuongezei kitu, kila gari lina breki kwenye tairi zote 4, iwe Yaris iwe Land Cruiser, na kinacholishikisha gari barabarani ni tairi tu. Fowili inakuondoa haraka, afu ukishaondoka haraka unajiona uko salama, unakuja kujua hauko salama pale unapokanyaga breki. Nilikokaa mi kila theluji ya kwanza ya mwaka ikianguka nilikuwa nayaona yale magari makubwa ya fowili yamelala mtaroni, wenyewe wamesimama pembeni wanapiga simu.

Alafu hiyo Yaris ni Vitz hii hii yetu, Ulaya ndo waliipa jina hilo. Injini iko mbele, imezikalia tairi zile zile zinazovuta, ule uzito unazigandamiza chini zisizunguke bure. Ndo maana kwenye kuondoka kigari kama hicho kinaipita hata pikapu kubwa ya kuvutia nyuma ambayo haina mzigo. Kwahiyo kuvutia mbele sio ubaya, tena kwa gari dogo la bei ya mwanafunzi ni bahati.

Sasa hela ambayo angekopea fowili, sehemu ndogo tu ya hiyo hela aiweke kwenye tairi. Hapa mama naomba umsisitize hata akikuona unamsumbua. Mpira wa tairi za kawaida ukishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kuwa mgumu, haushiki, yani ni kama umevaa ndala za plastiki kwenye sakafu yenye maji. Tairi za winta mpira wake unabaki laini kwenye baridi kali, na meno yake yamekatwakatwa vijistari vidogo vingi vinavyong'ata theluji. Finland sheria yenyewe inadai tairi za winta kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi kama hali ya hewa au barabara inalazimisha, na meno yasipungue milimita 3. Mi namwambia asisubiri zifike 3, zikifika 5 aanze kutafuta nyingine. Huko zipo za aina mbili, za misumari na zisizo na misumari. Za misumari zinang'ata barafu tupu vizuri zaidi, na kwa mtoto anayetoka alfajiri kabla barabara haijamwagiwa mchanga mi ningemchagulia hizo.

Na awe nazo 4, asidanganywe kuweka 2 za mbele tu kisa ndo zinazovuta. Hilo kosa nililifanya mimi mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa nabana matumizi nitume hela nyumbani, nikaweka 2 mbele, na kweli mbele ilishika vizuri kabisa mpaka nikawa najisifia. Siku moja nashuka kamtelemko ka kutokea barabara kuu, nikagusa breki kidogo tu, mbele ikashika na nyuma ambayo ilikuwa na tairi za kiangazi ikaendelea na safari yake, gari likageuka likaangalia nilikotoka, likasimamia kwenye rundo la theluji. Hakukuwa na mtu pembeni namshukuru Mungu. Kesho yake nikaenda kununua mbili zilizobaki, kwa hela ya kodi ya nyumba.

Baada ya tairi ni mguu. Mwambie kila kitu akifanye polepole na akifanye kimoja kimoja. Tairi za mbele za gari lake zina kazi tatu, kuvuta, kukata kona na sehemu kubwa ya breki, na kwenye theluji uwezo wa tairi ni mdogo, ukiupeleka wote kwenye breki hakuna kinachobaki cha kukata kona. Kwahiyo apunguze mwendo akiwa bado amenyooka, aachie breki, ndo akate kona, afu akishanyooka tena ndo aongeze mafuta. Kuondoka, aweke gia ya pili badala ya ya kwanza, aachie klachi taratibu kama amebeba sufuria la uji. Umbali wa kumwacha wa mbele yake wala asiupime kwa macho ya Moshi, kwenye barafu gari linaweza kuhitaji mpaka mara 10 ya umbali wa kusimama kwenye lami kavu. Wenyeji wenyewe wanalijua hilo ndo maana winta Finland wanashusha spidi za barabara nyingi kuu, motowei za 120 zinakuwa 100 na nyingi za 100 zinakuwa 80. Hiyo 80 pia sio amri kwamba lazima aifikishe.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui: siku mbaya zaidi sio ile ya baridi ya kutisha. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri inashika kuliko barafu ya nyuzi sifuri, kwasababu ile ya sifuri ina utando wa maji juu yake. Kwahiyo akiona kwenye dashibodi namba inachezea moja, sifuri, moja chini, hapo ndo aogope, hasa juu ya madaraja, maana daraja linapigwa baridi juu na chini na linaganda kabla ya barabara nyingine. Lami inaonekana nyeusi imelowana tu kumbe ni barafu.

Mengine ya haraka. Akipaki kwenye baridi kali aache gari kwenye gia, hendibreki inaweza kuganda ikagoma kuachia asubuhi. Kama anapopaki kuna zile nguzo zenye soketi, Finland ziko nyingi, aulize fundi wa huko kama gari lake lina hita ya injini, achomeke saa moja au mbili kabla ya kutoka, injini inawaka bila kuteseka na betri inapumua. Kwenye buti asikose chepe dogo, blanketi, brashi ya theluji na kamfuko ka mchanga. Mafuta yasishuke chini ya nusu tenki. Na mama hili liandike kwenye karatasi umtumie picha: akikwama kwenye theluji nyingi, kabla ya kuwasha injini ili apate joto lazima ashuke aondoe theluji kwenye eksozi. Eksozi ikizibwa moshi unaingia ndani ya gari, ile sumu haina harufu wala rangi, mtu anasinzia moja kwa moja.

Kuanzia katikati ya Desemba kule mwanga wa mchana hata masaa 4 haufiki, kwahiyo atakuwa anaendesha gizani kwenda na kurudi. Siku moja ambayo hana zamu aende kwenye uwanja mtupu wa kupaki wenye theluji, au kwenye vile viwanja vyao vya mazoezi ya utelezi, akanyage breki mpaka gari liserereke, alizoee. Ukishaserereka mara 10 kwa makusudi, ile ya 11 ya bahati mbaya haikutoi akili. Lala mama.

Kaka fundi mambo. Nimepata kazi Edmonton, Canada, naondoka Oktoba. Hapa naendesha Passo. Gari likianza kuserereka kwenye barafu nafanyaje hasa? Na kuna braza amekaa kule ananiambia niweke mifuko ya mchanga kwenye buti gari lipate uzito. Kijana, Sakina, Arusha.

Hongera mdogo wangu. Nianze na mifuko: huo ushauri ni wa pikapu na magari ya kuvutia nyuma, yale tairi zinazosukuma ziko nyuma chini ya bodi tupu, ukiongeza mzigo zinashika. Wewe ukiendesha kule gari la kuvutia mbele kama hiyo Passo, zinazovuta ziko mbele. Ukijaza kilo 100 nyuma kabisa ya tairi za nyuma, pua inanyanyuka kidogo na unazipunguzia uzito zile zile unazozitegemea, na bado unaongeza uzito wa kuusimamisha. Kamfuko kamoja ka kumwaga chini ya tairi ukikwama kanatosha.

Kuserereka kuko kwa namna mbili na usizichanganye. Ya kwanza ndo utakayokutana nayo sana na gari la kuvutia mbele: umekata usukani, gari halikati, linaenda moja kwa moja kama halikusikii. Akili itakwambia ongeza usukani na kanyaga breki, vyote viwili vibaya. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo kuelekea kunyooka, subiri nusu sekunde, tairi zikipunguza mwendo zinashika tena na gari linakata. Ile nusu sekunde ni ndefu kuliko misa ya Pasaka lakini subiri.

Ya pili ni nyuma kukukimbia. Hii inakuja ukiachia mafuta ghafla au ukigusa breki katikati ya kona. Nyuma ikienda kulia, usukani peleka kulia, ikienda kushoto peleka kushoto, macho yako yaangalie unakotaka kwenda na sio mti unaouogopa, mikono inafata macho. Usikanyage breki. Kwenye gari la kuvutia mbele ukishanyoosha usukani unaweza kugusa mafuta kidogo sana, zile tairi za mbele zinalivuta gari linyooke, na hapo ndo utalipenda gari la kuvutia mbele.

Kama gari lina ABS, yani breki zinazozuia tairi zisijifunge, na unataka kusimama kwa dharura, kanyaga na ushikilie, pedeli itakutetemekea mguuni na kelele kama za kokoto, usiogope na usiachie, hiyo ndo kazi yake. Wazee wetu walitufundisha kupiga breki kidogo kidogo, ile ni ya magari yasiyo na ABS. Jua pia kwamba kwenye theluji laini iliyolala ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, faida yake ni kwamba usukani unabaki na kazi. Kruzi kontroo, ile inayoshikilia mwendo yenyewe, usiiwashe kabisa siku ya utelezi. Na ukikwama, kile kitufe cha kuzuia tairi zisizunguke bure kizime kwa muda, maana kinakukatia nguvu, afu cheza mbele nyuma mbele nyuma taratibu mpaka gari lijitengenezee njia, halafu ukiwashe tena.

Edmonton iko jimbo la Alberta na hapo sheria haikulazimishi tairi za winta, tofauti na Quebec ambako ni lazima kuanzia 1 Desemba mpaka 15 Machi. Wewe jilazimishe. Na upepo wa tairi pima kila baridi inaposhuka sana, kila nyuzi 5 na kitu unapoteza kama psi 1 (ndo kipimo cha upepo wa tairi), ukijaza siku ya jua ukaamka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri utakuta tairi zimelegea zote.

Fundi, nimenunua tairi za mtumba kutoka Japani, muuzaji kaniambia ni za mlimani, na kweli zina alama ya mlima na kama kanyota ndani. Zina meno mazuri ajabu, nimefunga mbele kwenye Vitz. Mbona kwenye lami ya kwenda Moshi gari linayumba na tairi zinaisha haraka? Dereva, Njiro.

Ndugu yangu, huyo mlima sio Kilimanjaro. Mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani ndo alama ya tairi za winta, na angalia ubavuni kama limeandikwa STUDLESS, maana yake ni tairi ya theluji isiyo na misumari. Kule Japani mikoa ya kaskazini wanazifunga winta, zikishapungua wanazitoa na nyingi zinaishia kwetu na meno bado marefu, kwahiyo zinavutia macho. Shida ni ule ulaini niliomwambia mama wa Kiboriloni. Kinachoifanya ishike kwenye barafu ndo kinachoiua kwenye lami yetu ya saa 8 mchana pale Boma Ng'ombe: mpira unakuwa kama chingamu, meno yanalala lala ukikata kona, ndo huko kuyumba unakokusikia, breki inachelewa na tairi linaisha kama sabuni. Baridi yetu hata ya Julai kule Ngaramtoni, na makoti mawili tunayovaa, kwa kawaida haifiki hizo nyuzi 7.

Na umefunga mbele tu, nyuma ziko za kawaida. Hiyo siipendi kabisa, iwe theluji iwe mvua. Toa, funga 4 za aina moja za kawaida. Ukinunua mtumba tena soma zile namba 4 za mwisho baada ya neno DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu hayakwambii umri. Inaniuma kwakweli kuona tairi nzuri ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, inauzwa kwa baba mwenye watoto kwenye gari bila kuambiwa ni tairi ya nini.

Mwalimu, Kibosho: Nina IST ya kuvutia mbele. Masika barabara ya kupanda kwangu inakuwa tope jekundu, gari linafika katikati ya mlima linagoma. Jirani ananiambia nipande kinyumenyume. Ana nia njema huyo?

Ana nia njema mwalimu, na anajua anachosema. Gari likipanda mlima uzito unarudi nyuma, pua inakuwa nyepesi, na wewe zinazovuta ziko puani. Ukigeuza ukapanda kwa rivasi, tairi zinazovuta ndo zinakuwa upande wa chini na uzito wote unazilalia. Mi Duluth, mji wa Minnesota uliokaa ubavuni mwa kilima juu ya Ziwa Superior, mitaa yake imesimama kama ya Kibosho hiyo hiyo, nimepanda kwa rivasi usiku na vifurushi vya watu na Corolla ikafika.

Ila usianze na hiyo. Kwanza simama chini kabisa uhakikishe juu hamna bodaboda anayeshuka wala gari lililokwama, maana ukisimama katikati umekwisha. Chukua mwendo mapema pale chini palipo sawa, gia ya pili, mguu usitikisike mpaka juu. Tairi likianza kuzunguka bure punguza mafuta, usiongeze, ukiongeza unachimba kaburi. Na tope lina ubaya ambao theluji haina: theluji ikijaa kwenye meno ya tairi inashikana na theluji ya chini, tope likijaa tairi linakuwa kipara hapo hapo. Kwahiyo meno yawe marefu na yenye nafasi pana.

Rivasi iwe ya kipande kifupi, mchana, na mtu mmoja atembee nje akuongoze, kwasababu kwenye rivasi gari linageuka kwa haraka na barabara zetu zile upande mmoja ni mgomba na upande mwingine ni korongo. Kama mvua imepiga usiku kucha acha IST kwa mtu barabarani chini upande kwa miguu. Na minyororo ukiamua kufunga, kwa IST inakaa mbele, sio nyuma kama ya malori.

Dada yangu yuko Ujerumani ana Polo ndogo, asubuhi kioo kimeganda anakimwagia maji ya moto huku gari linaunguruma lipate joto. Ni sawa? Msomaji, Tengeru.

Sio sawa, dada. Kioo kinaweza kupasuka, na maji yenyewe yanaganda tena kabla hajafika getini. Na huko kuacha injini ikiunguruma bila kwenda anaweza kupigwa faini. Azime, achukue kikwangulio cha plastiki, akwangue vioo vyote na sio katundu ka kuchungulia, taa pia, na theluji ya juu ya paa aishushe yote maana akifunga breki inamwagikia kioo cha mbele. Halafu akague tairi zake: tangu Oktoba 2024 Ujerumani alama ya M+S (matope na theluji) peke yake haihesabiki tena kuwa tairi ya winta, lazima awe na ule mlima wenye chembe ya theluji.